Maneno ya Chini ya Mstari

Tulipomzika Aikande kule Elerai nilikaa na akina mama wazee chini ya turubai, sahani ya wali na nyama mapajani, kijiko mkononi, bila hamu ya kula. Nyuma yangu walikaa wanawake wawili nisiowajua, wa umri wa binti zangu. Mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Yule mwenye kitambaa cha kijivu ndiye Elinipa." Mwenzake akauliza, "Elinipa yupi?" Yule wa kwanza akajibu, "Wa chuoni. Aliyesoma mpaka maneno ya chini ya mstari." Nikasikia mtu akicheka kwa pua, kisha akakumbuka kwamba yuko msibani, akakohoa. Ndipo nilipofahamu kwamba Aikande alikuwa amewasimulia watoto wake, na wakwe zake, na pengine mtaa mzima, na kwamba kwao mimi ni kichekesho cha zamani. Sikukasirika. Aikande alikuwa na haki ya kusimulia, maana alikuwepo. Lakini nilipokuwa nikirudi kwangu Engutoto jioni ile, mjukuu wangu akiendesha gari, nilijikuta nikijiuliza kama mwaka ule ulikuwa wa kuchekwa. Nimefundisha miaka mingi, nimesahihisha insha za watoto hadi macho yakachoka, na bado sijui kama nilichofanya mwaka ule kilikuwa kosa la adabu, au kosa la mpangilio wa karatasi, au hakikuwa kosa.

Tulikuwa wasichana kumi na wanane katika chuo kidogo cha ualimu cha misheni, juu kidogo ya barabara, kwenye miteremko ya Meru ambako migomba na mibuni hukaribiana mpaka mtu anapita kwa kuinama. Mimi na Aikande, mtu wa Machame, tulilala chumba kimoja chenye vitanda vinne, dirisha moja, na sakafu ya saruji iliyokuwa baridi hata mwezi wa pili. Ulikuwa mwaka ambao picha ya Mfalme ilikuwa imeshushwa katika ukumbi wetu na ya Malkia haijafika, kwa hiyo ukutani, juu ya meza ya mwalimu, palikuwa na mraba mweupe tu, na tuliambiwa tuendelee kusimama wima kuuelekea tunapoimba. Tuliuelekea. Huo ndio uliokuwa mwaka wetu: tuliambiwa mambo, tukayatenda, na maana yake tukaikisia. Nje ya ua wa chuo watu wazima nao walikuwa katika hali hiyohiyo. Si muda mrefu kabla yake watu wa kwetu walikuwa wamehamishwa kutoka ardhi yao upande wa kaskazini wa mlima, na kila mtu alijua kwamba jambo lile lilianza na karatasi. Tangu hapo mtu akikuona na kalamu alikuwa anakuuliza kwanza unaandika nini, ndipo anaitikia shikamoo yako.

Bibi Ragna alikuja mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mmisionari kijana, mrefu, mwenye nywele za rangi ya nyuzi za muhindi, na Kiswahili alikuwa amejifunzia pwani kwa mwalimu wa huko. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu, na hapo ndipo taabu zetu zote zilipoanzia. Sisi nyumbani tulisema Kimeru, wengine Kichaga, wawili watatu Kimaasai. Kiswahili kilikuwa cha darasani, cha kanisani na cha sokoni. Alitutangazia kwamba kila mmoja wetu ataandika insha kubwa ya uchunguzi, kurasa kumi na tano, juu ya jambo moja la mahali petu, na kwamba siku ya wazazi kila mmoja atasimama ukumbini asome yake mbele ya watu. Kisha akageuka ubaoni akaandika sheria za karatasi. Ya kwanza ilisema: "Acheni pambizo, inchi moja kila upande." Hakuna aliyeuliza. Mwalimu akimaliza kusema, wewe unasema ndiyo, Bibi.

Usiku hatukuruhusiwa taa, kwa hiyo tulijadiliana mchana, tukiwa tunafua. Aikande alisema, "Pambizo ni mapambo. Anasema tuache mapambo, yaani tusichorechore." Mimi nilisema, "Angetaka tusichore asingetaja inchi. Anasema tuache nafasi ya mapambo, inchi moja." Tuligombana mpaka povu likakauka mikononi. Mwishowe kila mtu akafuata imani yake. Aikande aliandika kutoka ukingo hadi ukingo, maneno yakadondoka kwenye mwisho wa karatasi kama vifaranga kwenye kizingiti. Mimi nilichora maua ya mbuni kila upande, inchi moja kamili kwa rula, na majani yake, kazi ya siku nne. Bibi Ragna aliziweka karatasi zetu mbili mezani, moja kando ya nyingine, akazitazama muda mrefu. Hakucheka. Aliniuliza, "Elinipa, haya maua ni ya nini?" Nikamjibu, "Ni pambizo, Bibi." Akakaa kwenye kiti. Kumbe pambizo ni ule weupe wenyewe. Ni mahali usipoandika kitu. Nilirudi chumbani nikiwa nimeelewa neno bila kuelewa jambo, maana nilishindwa kuona kwa nini mtu anunue karatasi ya duka la Mhindi mjini kisha aache sehemu yake bure. Na hayo yalikuwa madogo. Alipotuambia mwisho wa insha tuweke orodha ya marejeo, niliorodhesha vitu nilivyopaswa kuvirejesha: rula ya Aikande, chupa ya wino ya chumba cha pili, na kisu cha jikoni.

Kisu kilikuwa cha Mama Eliasi, mpishi wetu. Nilikuwa nimechagua kuandika juu ya mfereji, kwa sababu ulipita nyuma ya jiko letu na nilidhani kitu kilicho karibu kitakuwa rahisi. Mfereji ule ulishuka kutoka msituni, ukazunguka mashamba ya watu, ukatupatia sisi maji ya kupikia, kisha ukaenda chini kwenye kahawa. Kila shamba lilikuwa na zamu yake, na wazee wa mfereji ndio walioziweka zamu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Lazaro, mzee wa kanisa pia, mtu mpole aliyevaa kofia ya kitambaa cheusi na koti hata juani. Nilikwenda kwake kwanza, kama inavyostahili. Alinipa maziwa ya mgando katika kikombe cha bati, akanieleza vizuri kwamba mfereji ulichimbwa na babu yake pamoja na watu wa ukoo wake, na kwamba wengine wote walipewa maji kwa hisani. Niliyaandika yote. Nilikuwa na kurasa nne. Bibi Ragna alizisoma akasema, "Huyu ni mtu mmoja. Katika uchunguzi unauliza na mwingine, kisha unaweka majina yao chini."

Wa kumuuliza mwingine sikumjua, basi nikaenda jikoni, maana kule ndiko tulikokwenda tukishindwa na jambo. Jiko lilikuwa banda la mbao lenye mafiga matatu makubwa, weusi wa moshi umeganda kwenye paa kama ngozi. Mama Eliasi alikaa kwenye kigoda, karai la maji miguuni, rundo la ndizi mbichi kando. Alikuwa mke wa marehemu mdogo wake Mzee Lazaro, mama wa makamo, mkavu wa maneno. Alikuwa akituwekea ukoko wa loshoro, kile chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, bila kusema kwamba ametuwekea. Unaukuta tu umefunikwa kwa jani. Siku ile alinitupia kisu kingine nimsaidie kumenya. Nikamsomea nilichoambiwa na shemeji yake. Akamenya ndizi tatu. Ya nne akaisimamisha.

"Babu yake alichimba?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema, Mama."

"Babu yake alikuta maji yanapita." Akaendelea kumenya. "Mfereji ule waliuchimba watu wa baba yangu. Mimi nimezaliwa pale juu, penye jiwe linalogawa maji. Baba alinionyesha mahali ndugu yake alipoangukiwa na udongo wakichimba. Watu wa Lazaro walikuja baadaye, wakiwa wengi. Sisi tulikuwa wachache. Walituachia siku moja, Ijumaa. Mimi nilipoolewa huku, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yenyewe: binti aje huku, Ijumaa ibaki kule. Baba alipokufa, Ijumaa ikasahauliwa. Kaka yangu sasa anamwagilia miche ya kahawa kwa debe, kichwani."

Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Alisema wazee wote wanajua, ndiyo maana hawasemi. Kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasema, "Nimekuambia kwa sababu umeuliza. Mimi usinitaje. Nakaa nyumbani kwao, kwenye uwanja wao."

Nikaahidi. Naikumbuka ahadi ile vizuri kuliko kiapo changu cha ndoa. Halafu nikaenda darasani nikamkuta Bibi Ragna, nikamuuliza mtu anafanyaje kama aliyemwambia hataki kutajwa. Huenda Kiswahili changu hakikutosha, au yeye alikuwa na mambo mengi siku ile. Alinijibu kwamba katika maelezo yenyewe si lazima kumtaja mtu. Unaweka namba ndogo tu, kisha chini ya ukurasa unapiga mstari, na chini ya mstari unaandika jina, kazi yake na mahali mliposemezana, kwa herufi ndogo. "Msomaji mwangalifu ataangalia chini," alisema. "Wengine watapita." Nilifurahi kama mtu aliyepata njia katikati ya nyumba mbili. Niliona kwamba wasomi nao wanajua shida hii, na wamebuni mahali maalumu pa kumsitiri mtu: yumo, lakini hayumo, ametajwa, lakini kwa kunong'ona. Nilimweleza Aikande. Yeye alikunja uso akasema, "Jina likiandikwa limeandikwa." Nikamwambia haelewi mambo ya uchunguzi. Nikapiga mstari wangu kwa rula yake, na chini yake nikaandika, herufi ndogo kadiri ya nibu: Mama Eliasi, mpishi, jikoni.

Wiki moja kabla ya siku ya wazazi tulifanya mazoezi ya kusoma. Mimi nilikuwa na hofu, nikawa naruka maneno, naruka hata mistari mizima ili nimalize haraka. Bibi Ragna alinisimamisha mara mbili. Mara ya tatu alisema taratibu, akitenganisha maneno ili nielewe, "Elinipa. Utasoma karatasi yote kama ilivyo. Usiruke neno hata moja." Nikasema ndiyo, Bibi. Siku za mazoezi hatukufika ukurasa wa sita. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Tungefika ukurasa wa sita, angenisikia, angenizuia, na maisha ya watu kadhaa yangekwenda njia nyingine, sijui kama bora au mbaya zaidi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mbele, chini ya ule mraba mweupe, alikaa mkaguzi wa shule Mzungu na kofia yake magotini; nyuma yake wazee wa kanisa na wazee wa mfereji, maana Bibi Ragna alikuwa amewaalika kwa heshima ya insha yangu; nyuma yao wazazi, mama zetu wamevaa kaniki mpya na watoto migongoni. Aikande alisoma kabla yangu juu ya soko la mjini, akapigiwa makofi. Nilipopanda mimi sikuona nyuso, niliona karatasi tu. Nilisoma jina la insha. Nilisoma yaliyomo, pamoja na namba za kurasa. Kila nilipofika mwisho wa ukurasa nilisoma na maneno ya chini ya mstari, maana nilikuwa nimeambiwa nisiruke neno, na katika kurasa za kwanza hayakuwa na ubaya: Mzee Lazaro, mzee wa mfereji, nyumbani kwake. Mzee Lazaro alitikisa kichwa kwa kuridhika kila aliposikia jina lake. Kisha nikafika ukurasa wa sita. Nikasoma kwamba wako wanaosema mfereji ulichimbwa na watu wengine, waliokuwepo kabla, na kwamba walikuwa na siku yao ya Ijumaa ambayo hawanayo tena. Hata hapo ingewezekana mambo yakaisha salama. Wako wanaosema, nani hao, hajulikani. Lakini macho yangu yalikuwa yameshashuka, yakavuka mstari, na mdomo ukafuata. Nikasema kwa sauti ileile ya kusomea, "Mama Eliasi, mpishi, jikoni."

Alikuwa amesimama mlangoni na birika kubwa la chai, akingoja tumalize. Mkaguzi Mzungu alikuwa akiandika kitu, hakuinua kichwa. Bibi Ragna aliweka mkono mdomoni, nadhani kwa sababu ya kosa la usomaji tu. Mzee Lazaro hakugeuka kumtazama shemeji yake. Alichukua kofia yake, akaivaa humohumo ndani, akatoka kwa mlango wa pembeni, na wazee wawili wakamfuata. Mama Eliasi aliliweka birika sakafuni, akalifunika vizuri kwa kitambaa lisipoe, naye akaondoka. Mimi niliendelea kusoma. Zilibaki kurasa tisa, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kesho yake jikoni hapakuwa na mtu. Tulijipikia uji ukaungua, tukaula hivyohivyo. Wanafunzi wenzangu walisema wao kwa wao nikiwa nasikia. Mmoja alisema Mama Eliasi amefukuzwa uwanjani kwao. Mwingine alisema hajafukuzwa, ila hakuna anayemwitikia salamu. Aikande hakusema lile ambalo angeweza kusema, kwamba aliniambia. Alinipa nusu ya mkate aliotumiwa na nyumbani, akaketi nami kitandani tukautafuna. Nilimuuliza, "Nilipaswa kumtii nani?" Akafikiri kweli, si kama mtu anayefariji. Akasema, "Mimi nadhani ulimtii kila mtu."

Siku ya nne niliitwa. Wazee wa mfereji walikaa katika ghala la kahawa la Mzee Lazaro, chumba kirefu chenye harufu ya magunia na kahawa kavu, viti vimeazimwa kanisani. Bibi Ragna alikuja nami, akakalishwa kwenye kiti chenye mto. Mama Eliasi alikuwa peke yake kwenye benchi karibu na mlango, kanga imefungwa vizuri, mikono mapajani, mikono ambayo sikuwahi kuiona ikiwa mitupu. Mzee Lazaro alikuwa na insha yangu, Bibi Ragna alikuwa amempa. Hakunikaripia. Angenikaripia ningejua la kufanya.

"Binti yangu," alisema, "hapa chini ya mstari pana jina la shemeji yangu. Ni yeye aliyekuambia maneno haya?"

Nilimtazama Bibi Ragna. Yeye alinitazama kwa uso wa mtu anayengoja ukweli kwa sababu hajawahi kufikiria kwamba unaweza kuja mwingine. Nilimtazama Mama Eliasi. Yeye alitazama magunia. Nikajiambia kwamba ahadi ni ahadi, hata ikiwa imevunjika unaweza kuokota vipande. Nikasema, "Hapana, baba. Hakuniambia. Bibi alitaka kila maelezo yawe na jina, nikaweka jina lake tu."

Kiti chenye mto kililia. Wazee walipumua. Mzee Lazaro alianza kuikunja karatasi, na nikaona usoni mwake kwamba angependa sana iishie hapo. Ndipo Mama Eliasi alipozungumza, bila kusimama.

"Huyu mtoto ananihurumia," alisema. "Nilisema mimi. Siku ile nilisema nikimenya ndizi, nikaogopa. Nimekaa siku nne bila kusalimiwa, na nimeona kwamba hakuna zaidi ya hapo mnachoweza kunifanya. Basi nasema tena. Mfereji ulichimbwa na watu wa Sangito, baba yangu. Ijumaa ilikuwa yetu. Shemeji, na wewe ulikuwepo ilipotajwa, ulikuwa kijana, ulishika mbuzi wa mahari yangu."

Alisema kwa Kimeru, na Bibi Ragna akanishika mkono akitaka nimfasirie, nami sikuweza. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye nilidhani amelala, alisema kwamba marehemu baba yake naye alikuwa akilitaja jina la Sangito pale kwenye jiwe. Mzee Lazaro hakumpinga. Alisema kikao kimekwisha kwa leo.

Vikao viliendelea wiki kadhaa, sikuitwa tena. Kabla ya mvua kaka yake Mama Eliasi alipata Ijumaa yake, mpaka saa za mchana, si siku nzima kama zamani. Mama Eliasi akarudi jikoni kwetu. Lakini Mzee Lazaro hakula tena chakula kutoka mkononi mwake mpaka anakufa, na binti wa Lazaro, aliyekuwa akija kumsuka Mama Eliasi nywele kila Jumamosi, hakuja tena. Watu wakiniambia nilisaidia, nakumbuka kigoda cha kusukia kilivyokaa kitupu. Wakiniambia niliharibu, nakumbuka maji.

Siku ile ya kikao, njiani kutoka ghalani, tulifika kwenye daraja la miti. Hapo Bibi Ragna akasimama. "Umeandika neno moja, na umesema neno jingine," alisema. "Mimi nisadiki lipi?" Nikamwambia la kwanza ndilo la kweli. "Basi kwa nini ulisema uongo mbele yangu?" Nikasema nilimwahidi. "Lakini ulimwandika." Nikasema, chini ya mstari, Bibi. Hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona akitafuta neno la Kiswahili asilipate. Mwishowe alisema niinakili insha yote upya kwa usafi, pambizo tupu, marejeo sahihi, na kabla ya kuandika jina la Mama Eliasi niende nimuulize anataka aandikwe vipi. Akinikubalia, cheti. Asiponikubalia, nirudie mwaka.

Mama Eliasi aliporudi kazini nilikwenda jikoni alasiri moja, karatasi mpya mkononi, kurasa tano zikiwa tayari. Mama Eliasi alikuwa kwenye kigoda chake. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nilipiga magoti nimwombe radhi, akaniambia niinuke, sakafu ina majivu. Nikamuuliza anataka kuandikwaje.

"Mama Eliasi ni la huku," alisema baada ya kufikiri. "Andika Nembris. Nembris binti Sangito."

Nilikuwa nimemjua karibu miaka miwili na sikuwa nimewahi kulisikia jina lile. Nikaliandika palepale, kwenye meza ya kukatia mboga, chini ya mstari. Akasimama, akaja nyuma yangu. Hakujua kusoma.

"Liko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na la Lazaro?"

Nikafungua kurasa za mwanzo, nikamwonyesha na la Lazaro, chini vilevile, dogo vilevile. Alilinganisha yote mawili kwa muda. "Haya ya juu, makubwa, ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama. Ni maelezo yangu."

"Uliyoambiwa na sisi."

"Ndiyo, Mama."

Hakukasirika. Aliuliza tu, kama anayeuliza kwa nini chumvi imewekwa rafu ya juu, "Sasa mbona sisi tuko huku chini?"

Nimewafundisha mamia ya watoto kupiga ule mstari tangu hapo, na swali hilo ninalo mpaka leo. Nilichukua karatasi nyingine. Nikaandika ukurasa wa sita kwa mara ya tatu, na safari hii, katikati ya ukurasa, kwa herufi zangu za kawaida, nikaandika: Nembris binti Sangito anasema. Kisha nikaandika alivyosema, na Ijumaa, na jiwe, na ndugu aliyeangukiwa na udongo. Nikamsomea. Akaomba aonyeshwe jina mahali lilipohamia, nami nikaweka kidole. Akaweka chake juu ya pale, kidole chenye utomvu wa ndizi, akalifuata jina polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipoinua mkono palikuwa na alama ya kahawia, na wote tunajua utomvu wa ndizi hautoki.

Karatasi zilikuwa zimekwisha na duka liko mjini. Nikaikabidhi hivyohivyo. Bibi Ragna alinipa cheti. Aliandika kwamba mpangilio wa vyanzo katika ukurasa wa sita haufuati maelekezo, akakata alama kumi. Na kwenye lile doa, lililolala juu ya jina lote, alizungusha duara kwa wino mwekundu, akaandika pembeni, kwenye pambizo, neno moja: Usafi.